Ngazija: Sehemu za Kutembelea, na Barua ya Bibi

Haya wadau, nimerudi. Najua kimya changu kimekuwa kirefu mpaka wengine mmeanza kusema nimedisko. Sijadisko jamani. Mitihani nimemaliza salama, nina sapu moja tu ya takwimu, nayo naomba tusiiongelee leo.

Nilikuwa safarini. Nilikwenda Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, kile chenye mlima wa moto. Tangu nirudi chuoni kila ninayekutana naye ananiuliza maswali yale yale: kuna nini cha kuona, bichi zikoje, mlima umeuona, wasichana je? Nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja kwenye foleni ya chakula, bora niandike mara moja. Ila nawaonya mapema, mambo ya bichi yatakuwa machache. Sikwenda kuogelea. Nilitumwa na Bibi.

Ngoja kwanza niwaambie kitu ambacho mimi mwenyewe, mtoto niliyezaliwa na kukulia Magomeni hapa Mtwara, sikuwa nakijua. Chukueni ramani na rula. Kutoka Mtwara mpaka Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni kama kilomita 370 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Mtwara mpaka Dar kwa mstari huo huo ni karibu 400. Yaani Ngazija ni jirani yetu zaidi kuliko Kariakoo! Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 mnakikumbuka? Siku ile tumeambiwa tuhame mabondeni na shule zikafungwa? Kilianza kupita kaskazini ya Ngazija, ndipo kikaja upande wetu, kikatua Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma. Upepo unaijua njia. Sisi ndio tumeisahau.

Lakini abiria wa kawaida kama mimi inabidi apande basi kwenda Dar, kilomita mia tano na sitini hivi, halafu ndiyo apande ndege irudi tena kusini. Kutoka Dar mpaka uwanja wa Hahaya ni kama saa moja na nusu, muda ule ule wa kwenda Lindi kama dereva hasimami simami.

Sasa kwa nini Bibi alinituma.

Baba yake Bibi alikuwa Mngazija wa kijiji kinaitwa Singani. Alikuja Mtwara enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati bandari inajengwa na kazi zimejaa. Alikuwa fundi cherehani. Kwao aliacha mke na mtoto mmoja wa kiume. Huku akaoa Mmakonde, akamzaa Bibi. Hakurudi tena kwao, kaburi lake liko hapa hapa Mtwara. Lakini kaka yake Bibi wa baba mmoja walikuwa wakiandikiana barua. Bibi anasema kaka yake alikuwa na mwandiko mzuri wa Kiarabu, barua zinasomwa na mwalimu wa madrasa, na mtaa mzima unakuja kusikiliza.

Baba alipofariki, Bibi akaandika kudai haki yake. Alikuwa amesikia tangu utotoni habari za nyumba ya baba Singani, nyumba ya mawe yenye milango ya kuchonga. Akaandika mara ya kwanza, jibu likazunguka zunguka. Akaandika mara ya pili, kimya. Mwanzoni mwa 1977 akaandika ya tatu.

Hiyo ya tatu ndiyo aliyonisimulia usiku wa kuamkia safari. Tumekaa uani, anachambua ming'oko, mimi najifanya nasaidia. Akasema, "Mume wangu, kuna jambo baba yako halijui." (Bibi ananiita mume wake tangu nizaliwe, msishangae.) Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba katika barua ile alimwambia mwalimu aandike hivi: kama damu yangu kwenu si kitu, basi nyumba hiyo iteketee kwa moto, tukose wote. Mwalimu alikataa kuandika. Bibi akamlazimisha.

Mwezi wa nne mwaka huo huo ikasikika redioni kwamba mlima umepasuka Ngazija, moto umekula kijiji. Kijiji chenyewe Singani.

Basi. Tangu siku hiyo hakuandika tena, na huko hakukuja barua. Karibu miaka hamsini. Kwa hiyo nilipomwambia nataka kutumia bumu langu kwenda kuangalia, alifungua pindo la kanga akatoa pesa za korosho, akasema, "Ukaulize mawili tu. Barua ilifika kabla ya moto au baada? Na kaka yangu alikufa humo?"

Sasa nyie mnaniuliza habari za bichi.

Haya, tuanze na sehemu za kutembelea, maana niliahidi.

Ukishuka Hahaya kitu cha kwanza kinachokushangaza ni rangi ya ardhi. Nyeusi. Barabara ya kwenda Moroni inapita katikati ya mawe meusi ya lava iliyoganda zamani, yamevurugika kama shamba lililolimwa na jini. Katikati yake kuna migomba na minazi imestawi kabisa. Na hakuna mito. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu, kwa sababu mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mawe moja kwa moja. Watu wanakinga ya mvua kwenye matangi na mabirika ya saruji. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Moroni yenyewe ina mji wa kale, vichochoro kama vya Unguja, mtu na jirani yake wanaweza kupeana chumvi dirishani. Pale ufukweni kuna msikiti wa zamani wa Ijumaa, Badjanani, uliojengwa mwaka 1427, mnara wake ukaongezwa 1921. Nendeni jioni jua likizama, ule weupe wake unageuka rangi ya embe. Vaeni kwa heshima na mwombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Soko ni Volo Volo. Nilijisikia niko nyumbani kabisa: ndizi, muhogo, samaki, kelele. Hapo ndipo nilipopata aibu yangu ya kwanza. Nilimpa mama mmoja mtu mzima mfuko mdogo wa korosho za kwetu kwa sababu alinionyesha njia. Akaniambia, "Marahaba." Nikashtuka! Nikajua nimemkosea adabu, sijamwamkia, ananikumbusha kwa mafumbo. Nikainama, "Shikamoo mama, nisamehe." Akacheka mpaka akashika nguzo. Kumbe kwao marahaba ni asante. Kingazija na Kiswahili ni ndugu, lakini ni ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Unaelewa nusu, nusu nyingine inakutega.

Kuna makumbusho pia, ya kituo cha utafiti kinachoitwa CNDRS. Humo amehifadhiwa yule samaki wa ajabu, silakanti. Wao wanamwita gombessa. Wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili Komoro mwaka 1952, katika kisiwa cha Anjouan. Wavuvi wa huko walikuwa wanamjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza. Na msidhani ni wa kwao peke yao: mwaka 2003 alivuliwa Songo Mnara, Kilwa, hapo hapo kwetu.

Ukiwa na nusu siku, nenda Itsandra, mji wa masultani wa zamani wenye ufukwe wa mchanga mweupe. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa Zanzibar. Iconi, kusini ya Moroni, kuna jabali refu juu ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19 maharamia kutoka Madagaska walikuja kuteka watu, na wanawake wa Iconi wakajirusha kutoka jabalini kuliko kuchukuliwa utumwani. Nilisimama pale chini nikaangalia juu. Sikupiga picha.

Kaskazini kabisa kuna Mitsamiouli, hizo ndizo bichi zenu mnazozitaka, na karibu na Bangoi-Kouni kuna Ziwa la Chumvi, ziwa la duara ndani ya shimo la volkano, limetenganishwa na bahari kwa ukingo mwembamba tu. Upande wa mashariki kuna Chomoni, ambako lava nyeusi na mchanga mweupe vinakutana kama bao la kete. Nimemaliza bichi.

Mlima sasa. Karthala, mita 2,361. Najua wapandaji wa Kilimanjaro mtacheka, lakini Kilimanjaro imelala, hii inaota. Nilipanda kutoka Mvouni na kijana mtembeza wageni, tukalala hemani juu, baridi ya kukufanya ukumbuke dhambi zako zote. Njia inaanza kwenye mashamba ya migomba, unaingia msitu wenye ukungu, halafu miti inafupika mpaka inakuwa vichaka tu. Alfajiri tukafika ukingoni. Shimo lenyewe ni la kilomita kadhaa kwa upana, ni miongoni mwa makubwa duniani kwa volkano zilizo hai. Ndani kuna shimo jingine, Chahale, na majivu ya kijivu, na moshi mwembamba unatoka kwenye nyufa kama chungu cha wali kilichofunikwa vibaya.

Yule kijana alinihesabia milipuko kama mtu anayehesabu misiba ya ukoo. 1991. Aprili 2005. Novemba 2005, majivu yakaanguka kisiwa kizima na kuchafua maji ya matangi, na mnakumbuka nilisema hawana mito. Mei 2006. Januari 2007. Nikamuuliza, na 1977? Akatikisa kichwa. "Ule haukutoka huku juu. Ulitoka ubavuni, chini, karibu na Singani kwenyewe."

Niliona kichekesho cha huzuni. Nimepanda siku nzima kumtafuta mkosaji, kumbe hakuwa juu.

Kesho yake nikachukua taksi ya kuchangia kwenda Singani. Barabara inakwenda kusini kupitia Mitsoudjé, na unajua umefika kwa sababu mashamba yanakatika ghafla. Mto wa mawe meusi unashuka kutoka mlimani, mpana, na barabara imechongwa juu yake. Kando yake kuna nyumba mpya, watoto wanacheza mpira, maisha yanaendelea.

Niliingia msikitini alasiri. Baada ya swala nikawauliza wazee: fundi cherehani aliyekwenda Mtwara asirudi, jina lake fulani. Hawakuchukua hata dakika mbili. Mzee mmoja alimtuma mtoto, mtoto akarudi na mama wa makamo, amepaka msandali usoni, anatembea haraka. Akasema kwa Kiswahili safi, "Wewe ni wa yule dada wa Mtwara?" Kumbe ni binti wa kaka yake Bibi, kwangu ni shangazi, na kila mwaka hufuata bidhaa Kariakoo. Miaka yote amekuwa akifika Dar!

Alinilisha mpaka nikaomba msamaha. Wali, samaki, na mataba, yaani kisamvu cha nazi kama chetu. Halafu nikauliza ya kwanza, ile nyepesi.

Baba yake hakufa kwenye moto. Hakuna aliyekufa Singani mwaka ule. Lava ilikuja taratibu, watu wakapata nafasi ya kuondoka, ila nyumba hazina miguu. Yeye alikuwa mtoto, anakumbuka kubebwa mgongoni na kunuka kwa hewa. Baba yake alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee.

Nikauliza ya pili. Alinyamaza, akanawa mikono, akasema, "Barua ilifika."

Ilifika wiki chache kabla. Baba yake aliisoma kwa sauti mbele ya mkewe, kisha akacheka. Akasema, huyu dada yangu simjui kwa sura lakini kwa hasira ni baba mtupu. Alikusudia kujibu. Tatizo ni kwamba hakujua aelezeje. Nyumba ile haikuwa ya baba. Ngazija nyumba ni ya mwanamke: inajengwa kwa ajili ya binti, mume anahamia kwake, na ardhi ya ukoo inapita upande wa akina mama. Ile nyumba ya mawe ilikuwa ya mke, na kabla ya hapo ya mama wa mke. Fundi cherehani alikuwa mgeni ndani yake. Hakukuwa na urithi wa kugawa.

Nilishika kichwa. Bibi ni mtoto wa Mmakonde! Kwa desturi za wazee wetu na sisi ukoo ulikwenda upande wa mama. Mtu pekee ambaye angeelewa jambo hilo bila kuelezwa mara mbili ni yeye, na hakuna aliyemwambia.

"Sasa baada ya moto kwa nini hakuandika?" nikauliza.

Shangazi akaniangalia kama vile nimeuliza swali la mtoto. "Angeandika nini? Kwamba nyumba imeungua? Baba alisema, nikimwambia dada yangu, atadhani ni yeye. Bora adhani nimenuna."

Basi wadau, hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Watu wawili, bahari moja katikati, kila mmoja amekaa kimya karibu nusu karne. Mmoja anaogopa kwamba amemuunguza mwenzake. Mwingine anaogopa mwenzake asijue. Na kweli zilikuwa nyakati ngumu kwao, serikali ya Ali Soilih wakati ule, mwaka uliofuata mapinduzi, watu walikuwa na mengi ya kufikiria kuliko barua. Lakini stempu zilikuwepo.

Jioni alinipeleka juu ya lava. Imeota majani ya kangaga na vijiti, unatembea inalia chini ya viatu kama vigae. Akahesabu hatua kutoka barabarani, akasimama. "Hapa. Chini ya mguu wako." Nikaokota jiwe moja nikatia mfukoni.

Sasa kurudi. Nakiri mimi ni mwoga. Nilifika Magomeni usiku, asubuhi Bibi ananisubiri na chai na mihogo, mimi nikaanza kumwonyesha picha kwenye simu. Msikiti. Samaki. Ziwa. Mlima. Akawa anaitikia tu, "Mh. Mh." Nilipofika picha ya arobaini hivi akaisukuma simu pembeni. "Singani?"

Nilifikiria kumdanganya. Ningesema barua haikufika, imepotea baharini, na yeye angelala vizuri. Nadhani wengi wenu mngefanya hivyo. Lakini nikakumbuka kwamba hilo ndilo alilofanya kaka yake, kumficha kwa mapenzi, na angalia matokeo yake. Nikamwambia yote. Kwamba ilifika. Kwamba ilifika kabla. Kwamba alicheka.

Bibi akasema, "Alicheka?"

Nikasema, "Alicheka. Alisema kwa hasira wewe ni baba mtupu."

Akainua kanga akajifunika uso, mabega yanatikisika, sikujua analia au naye anacheka. Nikatoa jiwe nikamwekea kiganjani. Lava ile imejaa vitundu kama mkate wa mofa, haina uzito wowote. Akalipima pima. Akasema, "Mbona jepesi hivi?"

Nikamweleza habari ya mapovu ya gesi. Hakunisikiliza.

Jambo la mwisho nililofanya, nilimpigia Shangazi, nikampa Bibi simu. Nilisikia Shangazi anamwamkia kwa adabu zote. Bibi akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekwisha. Kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mara mbili. Mpaka leo sijui lilikuwa la kwetu au la kwao.

Haya, kwa mnaotaka kwenda: hakikisheni paspoti. Pesa yao ni faranga, imefungwa kwenye yuro kwa kiwango kimoja, kwa hiyo bebeni yuro. Vitu ni ghali kuliko kwetu. Kiswahili kitawafikisha mbali, ila muwe waangalifu na marahaba. Na kama una ndugu huko, au popote, mliyenuniana kwa ajili ya nyumba, mpigie leo.

Mimi nalala. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi, na ile sapu bado inanisubiri.